Jicho ni la Nani?

Ibra, Omani, Ijumaa asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai salamu hizi zitakukuta umekaa barazani umeshakunywa chai yako, na sukari hukutia, maana mdogo wangu Zuhura ananiripotia kila kitu. Sukari ya mwilini imeshuka? Na lile jicho la kulia ulilofanyiwa operesheni mwaka jana, bado linatoa machozi ukipigwa na upepo? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila joto la huku limeingia kabla ya wakati wake. Wanafunzi wangu wa Kiingereza wanasinzia darasani wote, na mwalimu wao karibu awafuate.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema tu, "Mama, kuna jambo," unaniuliza kama nimepata mume. Leo nisome mpaka mwisho kabla hujaghadhibika.

Ni habari ya zile pesa za macho yako.

Nilikwambia kwamba nilipokuwa Marekani, nikifanya kazi maabara ya hospitali, kila mshahara nilikuwa nikiweka kidogo kwenye akaunti ya akiba ya matibabu. Serikali yao haikati kodi katika pesa hizo, mradi uzitumie kwa maradhi tu. Nilipohamia Omani kusomesha, kadi ya akaunti ile nilikuja nayo. Na kwa kuwa nina uraia wao, kila mwaka lazima niwajazie fomu ya kodi, hata nikiishi huku karibu na jangwa. Basi ulipoambiwa una mtoto wa jicho macho yote mawili, sikusita. La kulia nikalilipia kwa kadi ile. Maradhi si maradhi? Na wewe si mama yangu?

Kumbe kwa sheria yao akiba ile ni ya kumtibu mwenyewe, mume wake, na wale ambao fomu inawakubali kuwa wanamtegemea. Mzazi asiye raia wao, anayeishi Pemba, hamo. Mwezi mmoja baada ya operesheni yako ilinijia barua kutoka kwa wenye akaunti ikieleza hayo. Niliisoma, Mama, na niliielewa. Halafu nikaikunja nikaitia kwenye mtoto wa meza. Hospitali ilipotaka malipo ya jicho la kushoto mapema, nikatoa kadi ile ile. Nilijiambia fomu bado iko mbali.

Haikuwa mbali. Mwezi uliopita nilimpigia Kimani, Mkenya niliyejuana naye Minnesota, ambaye huwajazia watu fomu za kodi. Nikamweleza yote.

"Hiyo ya kwanza haina shida," akaniambia. "Ulidhani inakubaliwa, sivyo? Rudisha hizo pesa kwa akaunti kabla siku ya mwisho ya fomu ifike, itahesabika ulikosea tu. Lakini ya pili ulikuwa ushaambiwa. Hiyo tutaiandika vile ilivyo, ulipe kodi yake na faini juu."

Kurudisha ya kwanza na kuilipia ya pili kulikuwa kunameza akiba yangu ya tiketi ya kuja kwako. Yote. Hapo shetani akanipa maneno, nami nakueleza mwenyewe ili usije ukayasikia kwa mtu.

"Kimani," nikasema, "fomu haiulizi jina la mgonjwa. Na mimi pia nina macho mawili."

Nikasikia anaweka kalamu chini.

"Dada, mimi huandika chenye mtu ananiambia. Wewe niambie tu. Jicho ni la nani?"

Nikamwambia nitampigia.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, siku ya soko la wanawake hapa Ibra, ambalo mwanamume hatii mguu. Huwa nakwenda na jirani yangu Bi Zuwena, bibi aliyezaliwa Unguja akaletwa huku angali msichana. Anauza udi na wanja. Nikakaa naye kwenye busati lake nikamhadithia. Kwanza alikasirika kwa ajili yako.

"Yaani mama mzazi si ahali yako? Wallahi watu hawa! Nani basi ndiye ahali, paka?"

Nikacheka, nikajua nimepata wakili. Nikaendelea mpaka nikafika kwenye ile barua niliyoikunja. Akaacha kupima udi.

"Barua hiyo uliisoma kabla hujalipa?"

"Kabla."

"Na ukaifahamu?"

"Nikaifahamu."

"Khalas, mwanangu. Sheria mbovu ni yao. Hilo la kukunja ni lako."

Akanimiminia kahawa, akamgeukia mteja wa wanja.

Nimefikiri sana, Mama. Kila mwanamume ninayempita hapa ana kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, nami siwezi kujizuia nisitazame vitobo vyake. Nikiona kazi safi najiuliza ni macho ya nani yaliyokwisha humo. Ya kwako yaliisha kwenye kofia ulizoshona ukanisomesha. Ndiyo maana iliniuma kupaacha patupu pale penye wategemezi kwenye fomu. Niliona kama nimekukana. Lakini nilipotulia nikaona fomu inauliza mambo yao tu, haikuuliza nani alinilea. Kukukana hasa kungekuwa kuandika kwamba jicho lako ni langu.

Nikampigia Kimani. "La mama," nikamwambia. "Haya," akasema, tukaanza kujaza. Ya kwanza nimesharudisha, na ya pili nimeshailipia kodi na faini yake.

Sasa nafika pagumu. Zuhura ananambia umemwapia daktari kwamba huingii chumba cha operesheni mpaka mimi niwe nimekaa nje ya mlango, maana mara ya kwanza sikuwepo na ya pili niliahidi. Mama, sitakuwepo. Siji mwaka huu. Nimelia mpaka Bi Zuwena akanigongea mlango, kwa hiyo usidhani nayaandika haya kwa moyo mkavu. Hospitali imeshalipwa na siku umeshapewa. Sukari ikiwa sawa, linalongojwa ni mimi tu, na ukiningoja mimi jicho litazidi kufunga. Nigombeze utakavyo kwenye simu, nitanyamaza. Kosa nimelifanya mimi. Lisije likalipwa na jicho lako. Nakupigia magoti, nenda.

Nisalimie Mjomba Seif na watoto anaowasomesha Kurani chuoni, na umwambie dua zake nazihitaji sasa kuliko wakati wowote. Nisalimie shangazi anayekuletea samaki. Bi Zuwena anakusalimu kama mnajuana tangu zamani, na mpwa wake aliyekuletea barua hii ana udi wako kidogo mkobani. Mdai, ni msahaulifu.

Mdogo wangu Zuhura, aliyekupandisha boti kwenda hospitali mara zote hizo, nimemwomba akae kwenye kiti ambacho ningekaa mimi. Bandeji ikifunguliwa, mtazame yeye kwanza. Yeye ndiye aliyekuwepo. Kisha nipigie, na salamu ziache. Niambie tu kama unaona.

Mwanao,
Mwanaidi