Alama ya Kidole Kwenye Ramani ya Kwetu

Mji wa Kale, Mombasa
Jumapili, baada ya kanisa

Mama,

Shikamoo. Magoti yako yanasemaje na baridi ya huko mlimani? Ile dawa ya kupaka niliyompa dereva wa basi ilifika? Mghoi mwanangu, najua ni wewe unamsomea bibi. Soma polepole. Usiruke mahali, hata ukiona pagumu.

Mimi ni mzima. Kifua tu, na hicho ni vumbi. Kazi ya bandarini Kilindini imepungua. Asubuhi tunasimama getini, wanachukua wachache, sisi wengine tunarudi. Kwa hivyo nimeshika kibarua huku Mji wa Kale, nyuma ya Ngome. Nilianza kwa kupaka chokaa nyumba moja ya ghorofa. Kuta za mawe, chumvi inatoka kila ukipaka. Nilipomaliza wakaniambia nibaki, kuna kazi ya ramani za maonyesho.

Juzi nilipiga simu nikakuuliza mvua na mahindi, nikakata haraka. Kuna neno nilitaka kukwambia likakataa kutoka. Mtu na mama mkwe wake, mengine hayasemeki kwa simu. Ndio naandika.

Ni habari ya ile ramani mliyochora pale shule.

Ngoja nieleze kazi yenyewe ndipo uelewe. Kile kitambaa cha marekani mlicholetewa kilinunuliwa Biashara Street, duka moja, vipande vyote vikakatwa sawa. Vikatumwa kata nyingi za pwani pamoja na mikebe ya rangi. Kila kata ichore kwao, ionyeshe uchaguzi uliopita watu walitoka vipi kupiga kura. Kijani hafifu, walitoka wachache. Kijani kizito, walitoka wengi. Vitambaa vikirudi vinapangwa ukutani kimoja baada ya kingine. Mtu apite akivisoma kama kitu kimoja. Rangi ikibadilika bila sababu, atadhani ni watu waliobadilika.

Mwenye kazi ni Bi Salma, mama wa hapa hapa Mji wa Kale. Amesoma lakini hana madharau. Amepaka kijani zote nne, toka hafifu mpaka kizito, kwenye kitambaa kidogo, amekitundika mlangoni. Kila ramani ikifika inawekwa kando ya hicho. Isipofanana, tunapaka tena.

Na Mama, hazikufanana. Kila watu walifanya yao. Wengine walitia maji kwenye rangi isiwaishie. Kata moja walichora mnazi katikati ya bahari. Wengine walijipaka kijani kizito kote, eti kwao hakuna aliyelala nyumbani siku ile. Badi akauliza, "Hata wa makaburini walipanga foleni?" Badi ndiye fundi wa kuandika herufi. Ana mdomo. Mimi kazi yangu ni kuchanganya kijani, kupaka, kungoja ikauke, kulinganisha na kile cha mlangoni. Ikikauka inageuka. Unaanza tena.

Yenu ilifika Jumanne. Niliijua kabla haijakunjuliwa, kwa harufu ya moshi wa kuni. Ilikuwa safi. Mistari imenyooka, mito iko, kijani sawasawa na cha mlangoni. Bi Salma akasema hawa ndio watu. Nilifurahi, siwezi kuficha.

Halafu Badi akainama.

"Ndoo uone, Mwakio. Watu wa kwenu wamekula viazi karai, mafuta vidoleni, wakashika ramani."

"Wapi?"

"Hapa penye shule. Kidole kizima hiki. Na zambarau hii wameitoa wapi? Sisi hatukuwapa zambarau."

Nilijua. Mghoi alikuwa ameniambia. Walimu walipomaliza ulikuja na fimbo yako, ukachanganya nyekundu ya barabara na buluu ya mito, ukachovya kidole, ukabonyeza pale shule. Ukaenda zako. Mwalimu akaogopa kufuta.

Nikaendelea kuchanganya kijani. Nilidhani watapita.

Bi Salma akavaa miwani. "Hii itoke. Ramani zote, kituo ni nukta nyeusi. Moja ikiwa na zambarau, watu watauliza zambarau maana yake nini. Mwakio, ufunike uchafu huu."

"Si uchafu," nikasema.

"N'nini basi?"

"Ni kidole cha mama mkwe wangu."

Badi alianza kucheka, akaacha.

Ndipo nikawaambia. Hapo nyuma hawakujua kitu, hapa mimi ni mtu wa kupaka tu. Nikawaambia mke wangu Wakesho alisimama kwenye foleni pale shule tangu giza, jua likamkuta pale pale, presha ikapanda, akaanguka mbele ya mlango wa darasa. Akafia kwenye pikipiki njiani kwenda hospitali. Siku hiyo hiyo mimi nilikuwa kwenye foleni yangu huku kisiwani. Simu ilinipata wino wa kura kidoleni haujakauka. Nikawaambia walipokuwa wakimuosha ulishika mkono wake, ukageuza kidole kimoja kimoja, ukasema, "Mwanangu hakufika mezani."

Mimi wino wangu ulikuwepo bado. Mazishi yote nilikaa mkono mfukoni. Wewe uliona.

"Sasa mama yake amempa wino," nikawaambia. "Ndio hiyo."

Bi Salma alikaa kwenye ngazi. Nilidhani atasema iache. Nilitaka aseme hivyo. Lakini alisema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema.

"Pole, Mwakio. Mola amrehemu. Lakini nisikize. Wadhani ni kwenu peke yake alikokufa mtu siku ile? Hapa iko kata ambayo mama alizalia njiani akitoka kituoni, na mtoto hakuishi. Watu wake waliambiwa wasiongeze kitu, wakatii. Nikiiacha alama hii, atakayepita ukutani atadhani kwengine kote watu walirudi nyumbani salama."

"Basi waulizwe wote," nikasema. "Kila aliyefiwa aweke."

"Nani atazunguka kata zote? Na tukimsahau mmoja, je? Huyo tutakuwa tumemfuta sisi."

Nikageuka nikavitazama vitambaa vya wenzenu.

Akasema, "Wewe nenda nyumbani upumzike. Badi ataifunika."

Nikasema hapana. Badi akipaka atakuwa anafuta uchafu. Nitapaka mimi. Kaburini pia udongo wa kwanza nilitupa mimi.

Badi alinishikia kitambaa kisivutike. Hakufanya mzaha tena. Nilichanganya kijani cha kwenu, nikaanza ukingoni nikaingia katikati. Mama, lile kovu lako la panga lilikuwepo. Mistari yote ya kidole ilikuwepo na kovu limekata katikati. Zambarau haifunikiki upesi. Nilipaka mkono wa kwanza, bado kidole kinaonekana. Wa pili, kama kivuli. Wa tatu kikapotea. Nikaweka nukta nyeusi kama za wenzenu. Bi Salma akalinganisha na mlangoni. Inafanana. Hata mimi nikitazama sasa sioni dalili yake.

Tukinawa mikono Badi akaniambia, "Ndugu yangu, ile ya viazi nisamehe." Nikamwambia tunywe chai. Tukanywa.

Ramani iko ukutani sasa. Watu wanapita, wanasimama penye yetu, wanasema hawa walitoka wengi. Ni kweli. Na yeye alitoka.

Nakwambia haya kwa sababu shule italetewa picha. Utatafuta kidole chako na hutakiona. Sitaki udhani ni mtu asiyemjua Wakesho. Ni mimi. Ukikasirika, kasirika na mimi, mwalimu mwache.

Lakini liko jingine. Siku ya kutundika nilikigeuza kitambaa nitie kamba. Marekani inakunywa rangi, na wewe ulibonyeza kwa nguvu. Kidole kimetokea nyuma, na kovu lake. Badi naye akakiona.

"Nyuma tuliambiwa tupake?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi."

Tukatundika. Mbele kunaangalia watu. Nyuma kunaangalia ukuta, ule ule niliopaka chokaa. Asubuhi nikifungua mlango huwa naweka kiganja juu ya kitambaa, hapo penye shule, halafu ndio naanza kazi.

Msalimie shemeji yangu, mdogo wake Wakesho, aliyeendesha ile pikipiki. Mwambie sijawahi kumlaumu, hata siku moja. Msalimie jirani yako anayekutekea maji. Msalimie mwalimu, umwambie ramani yake ilisifiwa. Na katekista, aendelee kutuombea.

Maonyesho yakiisha vitambaa vitarudi, kila kimoja kwao. Chetu nimeomba nikilete mwenyewe. Tutakilaza kitandani kifudifudi. Shule itakuwa upande usio wake na milima itakuwa imegeuka, usishangae. Macho yako najua hayaoni vizuri siku hizi. Utapapasa tu. Pale alipo panakwaruza kidogo. Mghoi atakushika mkono.

Mkweo,
Mwakio, baba yake Mghoi