Barua Juu ya Vidonge vya Efrazia

Jumanne, 5 Julai 1988

Tumerudi nyumbani Dirma kutoka hospitali juu ya magunia, kwa lori la shamba la ngano. Naandika maneno ya Daktari kabla hayajanipotea. Rovu la mke wangu Efrazia, ule uvimbe wa shingoni, limebana njia ya pumzi, sharti litolewe. Damu ya kumwongezea haipo. Dawa za kupima UKIMWI zimekwisha, naye hamtilii mtu damu isiyopimwa. Atapasua bila damu! Kwa mpango, anasema: kichwa cha kitanda kuinuliwa, kila mshipa kufungwa kwanza ndipo ukatwe, matone ya ayodini kunywewa siku kumi kabla. Lakini damu yake mwenyewe ni asilimia hamsini na nane. Ifike sabini. Vidonge vya kuongeza damu, vitatu kwa siku, mwezi mzima.

Efrazia aliuliza tu kama ataweza kuimba kanisani. Daktari akajibu kwamba atajitahidi. Neno hilo halikunipendeza.

Jumatano, 20 Julai

Hamsini na tisa. Siku kumi na tano — asilimia moja! Sista Benedikta, muuguzi wa hospitali, aliuliza, mgonjwa anameza kweli? Nimelihesabu swali hilo kuwa tusi kwa nyumba yangu.

Njiani nimekutana na jirani yangu Gidabuday na ng'ombe wake. Akacheka. "Bwana Barua! Miaka sita unamwandikia meneja wa shamba juu ya njia ya mifugo, na ngano bado imelala juu ya njia. Mpe mama damu ya dume na maziwa." Nikamjibu kwamba sisi ni Wakristo. "Kwani dume langu limekukatalia ubatizo?"

Sikucheka. Nimeandika malalamiko kwa Daktari. Sentensi ya katikati imekaa vema: "Mimi niliyetia sahihi hapa chini nathibitisha, pasipo shaka yoyote, kwamba mgonjwa amemeza vidonge vyote bila kukosa hata kimoja." Nimeisoma mara tatu kwa sauti.

Alhamisi, 28 Julai

Jibu! Maishani mwangu sijapata kujibiwa ndani ya siku nane. Daktari anashukuru kwa maelezo yaliyo wazi. Kwa kuwa vidonge vyote vimemezwa na damu haikupanda, anaandika, kungoja hakutasaidia, na pumzi inazidi kubana. Aanze matone leo. Upasuaji ni Jumatatu, tarehe 8.

Nilimsomea Efrazia. "Basi, Baba Patriki, umesikilizwa," akasema, akaendelea kuchambua maharage. Hakunitazama.

Jumamosi, 6 Agosti

Amefika mkwe wetu Kornelia, mke wa mwanetu Patriki, mwenye mimba ya miezi sita. Alisema shikamoo baba, akabaki mlangoni. Mkononi karatasi yenye vidonge. Vilevile vya Efrazia! Amekuja kuvirudisha. Kliniki yao iliishiwa, na mama amekuwa akimpa viwili kila siku. Alidhani mama anavyo vya ziada. Jana ndipo Patriki alipomweleza habari za barua yangu. Analia.

Viwili kati ya vitatu! Na mimi nimethibitisha.

Efrazia hakukana. "Mimi nimeshazaa. Yeye bado."

Nikasema nitamweleza Daktari. "Ukimweleza, atanirudisha nikangoje mwezi mwingine. Mimi nikiinama kufagia naona giza. Sina mwezi mwingine. Na mtoto wa watu ataitwa mwizi wa dawa. Niache niende na sahihi yako."

Nikaenda kwa Gidabuday. Akanitazama mikono. "Leo huna karatasi?" Akaniongoza zizini. Alifunga kamba shingoni mwa dume, akalenga mshipa kwa mshale, damu ikaruka kibuyuni. Alipofungua kamba, ikakata yenyewe. Nilitazama sana jinsi ilivyokata. Ni shingoni, palepale atakapopasuliwa Efrazia.

Efrazia alifanya ishara ya msalaba, akanywa yote. Lakini kazi ya mwezi mzima — kwa siku mbili?

Jumatatu, 8 Agosti

Hospitali, benchi la nje ya chumba cha upasuaji. Sista Benedikta ameleta fomu ya ridhaa ya mume. Imebanwa pamoja na barua yangu. Sentensi yangu imepigiwa mstari mwekundu. "Imetusaidia sana, mzee. Wengine hutudanganya juu ya dawa." Niliomba nafasi ya kuisoma fomu kikamilifu. Akanipa, akaenda. Nimeisoma. Sasa naandika humu.

Asubuhi hii hawakumpima damu tena. Kwa nini wampime? Nimethibitisha!

Efrazia yuko kwenye kitanda cha magurudumu, nguo ya kijani. Pumzi yake inapiga mluzi. Anautazama mkono wangu ulioshika kalamu. Anatikisa kichwa: usiandike.

Sista amerudi. Daktari ameshanawa mikono, anasema. Tia sahihi hapa, mzee.

Nimeigeuza fomu. Nyuma ni nyeupe. Nimeandika hapo, bila anwani, bila salamu, bila cheo cha mwandikiwa: Hakumeza vyote.

Bado nimeifunika kwa kiganja. Sista ananyoosha mkono.