Jumatano Redio Ilisema Hujulikani

Gaspari, mujinga yangu,

Usinijibu. Mwaka muzima sasa hunijibu, na leo ndiyo mara ya kwanza inanifaa, juu niko na hasira na sitaki mutu anikate maneno. We ulizoea kunikata na ile tarumbeta yako. Leo nyamaza, usikilize.

Redio ya hapa mujini ilifanya wiki ya jazi. Ndiyo, jazi! Siku saba, kila jioni saa kumi na mbili, saa nzima. Iko kijana moja anaongoza, sauti nzuri, Kifaransa kinateleza kama sabuni ndani ya beseni. Siku ya kwanza akasema jazi ni muziki ya watu wenye kufikiri. Nilicheka mpaka spana ikanianguka. Sisi tulikuwa tunafikiri nini, Gaspari? We ulifikiri bia, mi nilifikiri nyama ya brosheti.

Jumatatu wakapiga Wamarekani. Jumanne, Wafaransa. Nilisikiliza hapa karakana, Buyenzi, redio juu ya kapo, mufuniko wa injini ya gari ya mutu, na gari ya mutu haikupona. Walipiga vizuri, siwezi kudanganya. Moja wa Jumanne alikuzidi. Kasirika tu.

Jumatano, ule kijana anasema wamefungua kabati ya zamani pale redio, wamekuta kanda. Akaiweka. Noti tatu tu, Gaspari. Nilikuwa chini ya gari, mafuta inanidondoka shingoni, sikupangusa. Ile noti ya tatu unayoichelewesha, sawa mugeni anayejua wali haujaiva bado! Dunia hii hakuna mutu mwengine anachelewa namna ile. Nikatoka mbio, nikagonga kichwa kwenye chuma. Nililia. Watu niliwaambia ni kichwa.

Muziki ikaisha, na ule kijana, sauti ileile tamu, akasema: "Kwa bahati mbaya, wapigaji hawajulikani."

Hawajulikani! We, uliyegonga mihuri pale posta mpaka kidole gumba kikapinda! Kutoka Buyenzi mpaka Kinama, nani hakupata barua iliyopita mukononi mwako? Na mi, niliyepiga ngoma nyuma yako? Ingia karakana yoyote, uliza Juma Bugi ni nani. Watanitukana kwanza, kisha watakuonyesha nyumba yangu.

Alhamisi nikavaa koti ile niliyovaa siku ya kukuzika, nikaenda. Kwa miguu, juu esansi ya gari haipatikani, na goti yangu unaijua. Ule kijana akatoka, vile vitu vya masikio vinamuning'inia shingoni, akanisalimia kwa heshima. Nikamwambia ile tarumbeta ni ya Gaspari wa posta. Akatabasamu, ile tabasamu ya kupewa wazee. "Muzee, we ni wa nne leo. Kila moja anasema ni kikundi yake. Uko na karatasi hata moja?"

Karatasi! Nikamwambia: "Kijana yangu, karatasi yangu iko ndani ya kanda yako. Iweke. Mbele ya tarumbeta kurudi mara ya pili, utasikia mutu anakohoa mara mbili. Ya pili ni kama mbuzi. Ule mbuzi ni mi."

Unakumbuka? Siku ile ya kurekodi gari ilikauka njiani, nikavuta esansi kwa mupira, kwa mudomo, ikanishuka kooni. We ulinitolea macho katikati ya wimbo. Basi akaiweka. Tukangoja. Kho. Kisha mbuzi. Ule kijana akaniangalia, na tabasamu ile ya wazee ikamutoka. Aliamini, Gaspari. Akakimbia kwa mukubwa wake.

Alirudi na boksi ya kanda. Ndani mulikuwa na karatasi imekuwa rangi ya chai. Jina ya wimbo, imeandikwa. Dakika, zimeandikwa. Na pale pa majina, fundi wa zamani ameandika kwa kalamu nyekundu: "Wenyewe wamekataa kuandikwa." Mukubwa amesema wenye kukataa hawatajwi. Kwisha.

Hapo hasira yangu ikageuza njia, ikarudi kwako. Juu nilikumbuka. Ulimwinamia ule fundi, tarumbeta umeificha nyuma kama mutoto aliyeiba sukari, ukamwambia: "Usiandike jina langu, padri atanitoa kwenye kwaya." Salvatori wa gita akasema, kama Gaspari haandikwi, sisi pia apana. Baruti wa besi akaitika. Mi nikaitika. Tulitupa majina yetu manne ndani ya shimo sababu ya kwaya yako. Leo Salvatori amekufa, Baruti amekufa, we umekufa. Kwenye kanda mi ndiye mwenye alama, na alama yenyewe ni kikohozi.

Na sikia hii, nimekaa nayo tangu ujana. Padri alijua. Nilimuona kwa macho yangu, jioni moja tukiwa bado hatujarekodi, amesimama inje ya baa tulikopiga, na baiskeli yake, anasikiliza. Muguu wake ulikuwa unapiga chini, tena unafuata ngoma yangu, haukufuata tarumbeta yako. Sikukuambia. Ulikuwa muzuri sana ukiwa na woga, ulipiga kama mutu anayefukuzwa, nami nilipenda kukuona unatoroka. Niliicheka miaka yote. Alhamisi, mbele ya ile karatasi, haikunichekesha. Neno moja tu kutoka mudomoni mwangu, na tungeandikwa wote. Astaghfirullah.

Nikawa naondoka. Karibu na mulango ni pale dirisha ya matangazo, wanapopokea vifo, vitambulisho vilivyopotea, mikutano. Nikatia mukono mufukoni kutafuta kitambaa, nikatoa karatasi. Tangazo ya kuganduka kwako! Bibi yako Kristina alinipa tangu Jumatatu niipeleke: matanga yanamalizwa Jumamosi ya wiki inayokuja, watu waje nyumbani, mwaka umetosha. Nilikuwa nimeisahau, nasikiliza jazi. Usimwambie.

Nikaomba kalamu. Mi niliyeacha shule darasa ya nne, niliandika, Gaspari, mpaka jasho. Pale chini ya majina yako mawili nikaongeza: "Mupiga tarumbeta wa kanda ya Jumatano, pamoja na Salvatori wa gita, Baruti wa besi, na Juma Bugi wa ngoma, ambaye yuko hai na ndiye anakohoa."

Mama moja wa miwani akaisoma. Akainua macho. "Muzee, hii ni tangazo ya kifo ao ya dansi?"

"Vyote viwili, mama."

"Gaspari yupi? Ule wa posta, wa kidole kilichopinda?"

"Yeye."

Hakuuliza nani alikataa kuandikwa. Pale dirishani mufu hatoi ruhusa. Aligonga muhuri kama we ulivyogonga, na akasema itasomwa Jumapili, mbele ya saa ya mwisho ya jazi.

Jumapili nilikuwa kwa Kristina. Ule musomaji wa vifo, mwenye sauti ya kaburi, akasoma tangazo yako yote, neno kwa neno, mpaka kikohozi. Kristina akashika mudomo. Nikaogopa nimemuharibia. Kumbe anacheka! Akasema: "Juma, shati zile zilinuka moshi wa brosheti, na yeye alifikiri mi naamini ni ubani wa kanisa." Kisha akalia, na mi nikakumbuka kichwa kinaniuma tena.

Halafu ule kijana akaingia redioni. Yeye hana ruhusa ya kukutaja, unajua. Akasema tu: "Wasikilizaji, tangazo mumelisikia." Akaweka kanda.

Usifikiri nimepoa. Namukasirikia ule mukubwa anayeheshimu kalamu nyekundu kuliko mutu anayekohoa mbele yake. Nakukasirikia we uliyechagua viti vya kwaya na kutuacha inje. Na kuna muzee mwengine hapa karakana simusalimii kabisa, tangu Alhamisi, hata akiniangalia ndani ya kioo ya gari.

Jumamosi kwa kuganduka kanda itapigwa, kijana amenipa kopi. Utasikia noti zako tatu. Mbele ya tarumbeta kurudi mara ya pili nitasimama mbele ya watu wote, pamoja na padri wa sasa, na nitakohoa mara mbili, ya pili kama mbuzi, ili mutu asiseme tena hatujui ni nani. Nakuahidi, wallahi, hata bila esansi. Kama bado unakataa kuandikwa, amuka ukatae.

Kama hauamuki, lala vizuri, mujinga yangu. Salimia Salvatori na Baruti, waambie wametajwa.

Ni mi,
Juma Bugi, anayejulikana