Aliyeandika "Dada" kwenye Fomu ya Upasuaji

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Ruwaida Matano. Umri: miaka 44. Kazi: muuza vifaa vya kujifungulia. Makazi: Rujewa, Mbarali.

Mimi ni mzaliwa wa Kihesa, Iringa. Nilikuja Rujewa kwa ndoa, mume akafariki, nikabaki. Nauza khanga, mpira wa kutandika, glovu na pamba nje ya geti la kituo cha afya cha misheni.

Mnamo tarehe 14 Mei 2024, saa tatu asubuhi, alishuka mwanamke kwenye bodaboda akiwa na uchungu. Ni Yunisi, mke wa Seni, mfugaji wa Kisukuma wa kule mbugani. Anayekuja kuzaa huja na msafara: mama mkwe, wifi, chupa ya chai. Yeye alikuja na mfuko wa rambo. Nilimuuzia khanga mbili, nikaona hawezi kusimama, nikaiacha meza nikamwingiza ndani. Sikutumwa na mtu.

Saa nne na nusu Daktari Gwakisa alimpima, akasema mtoto amekaa mlalo, inabidi apasuliwe. Alimweleza na hatari zake. Yunisi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nipasueni. Wa kwanza nilimsukuma siku mbili kambini, akatoka kimya." Akaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Naomba hilo liandikwe vizuri: dole lake lilitangulia, mimi nilikuwa bado sijagusa kalamu.

Muuguzi alitaka na ndugu aweke saini, ndivyo walivyozoea pale. Seni alikuwa na ng'ombe mbugani, hapatikani. Kwa simu yangu tukampigia kaka yake, Budeba. Alisema, "Asubiri mwenye mke arudi. Wanawake wa kwetu hawazalishwi kwa kisu. Akishakatwa atazaa wangapi?" Yunisi alinirudishia simu. Muuguzi akamuuliza, "Sasa hapa ndugu yako nani?" Yunisi akaninyooshea kidole. "Huyu. Dada yangu."

Muuguzi ananijua miaka sita, na anajua mimi si Msukuma. Aliniangalia, akanipa kalamu. Niliandika jina, na penye "Uhusiano" nikaandika "Dada". Sitadanganya, nilifurahi. Tangu tumzike kaka yangu Hamza kule Kihesa, wanaoniita dada ni wateja wanaotaka niwapunguzie bei.

Saa sita na dakika kumi alitolewa mtoto wa kike. Nilikuwa kwenye benchi nje, nikamsikia analia, nami nikalia. Siku mbili nilimpelekea Yunisi uji na kumfulia khanga zake. Hakuna mwingine aliyekuja.

Jana tarehe 16, saa nane mchana, Budeba alifika wodini. Akamuuliza Yunisi, "Huyu ndiye dada aliyesaini? Dada wa wapi?" Yunisi alimtazama mtoto, akasema, "Simjui." Budeba akasema nimejifanya ndugu ili kumpeleka mke wa mtu kwenye kisu, tutaonana polisi. Niliweka bakuli la uji chini, nikatoka. Iliniuma sana. Lakini simlaumu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na anayerudi kuishi na watu wale ni yeye, si mimi.

Afande ameniuliza kama Yunisi ni ndugu yangu wa damu au wa ndoa. Si ndugu yangu. Ameniuliza kama nilimshawishi. Sikumshawishi, aliamua mwenyewe kwa kinywa chake, na daktari asisumbuliwe kwa hilo. Ameniuliza kama niko tayari kulifuta neno "Dada". Hapana. Kama ni kosa, nishitakiwe nalo hivyo hivyo lilivyo.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda. Nimesomewa, nimekubali kuwa ni sawa.

Sahihi: R. Matano
17 Mei 2024, saa tano na robo asubuhi

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Tadeo, na kumsomea shahidi kwa Kiswahili. Nimemtaka ataje ndugu mmoja wa kuarifiwa endapo atahitajika. Ameniomba nafasi hiyo niiache wazi.