Mimi Niko na Futi

Baba,

Kura ya mlolongo imekufa. Hakuna tena atakayesimamishwa nyuma ya picha ya mgombea na kuhesabiwa kama ng'ombe wa josho, na kile chama kimoja kilichojidhania kuwa taifa zima kimesalimu amri.

Unakumbuka siku ile ya kura uwanjani? Mstari wetu, nyuma ya mpinzani wa mbunge, ulitoka hadi nje ya lango. Wafuasi wa mbunge wangetosha kwenye benchi mbili za duka lako. Chifu akatangaza kwamba mbunge ameshinda. Ukavua shingoni futi yako, ile tepu ya kupimia nguo: "Ngoja kwanza, Chifu. Mimi niko na futi. Tupime."

"Ati kupima? Mimi nikisema mufupi ni murefu, ni murefu!"

Hayo ndiyo yaliyotutawala, Baba: majitu yenye kofia za serikali, yasiyojua anachokijua mtoto wa chekechea. Yakakufunga kwa uchochezi. Ulirudi na kifua kisichopona, nami, na shahada yangu mpya, nikakuambia kwamba dikteta hapimwi kwa futi, hung'olewa kwa bunduki. Ulikohoa, ukasema, "Umesoma vitabu sana. Sasa soma watu."

Sikusoma. Nilikuzika kwanza.

Siku ya pili baada ya mazishi, mafundi cherehani wenzako wa Nyeri waliketi kwenye nyasi za ofisi ya Chifu, kimya, kila mmoja na futi shingoni. Kesho yake wakaja akina mama wa sokoni, walimu, waumini wa kanisa na wa msikiti. Hadi Kagio na Murang'a, watu wasiojua kushona kifungo walivaa futi. Walipigwa. Hakuna aliyerusha jiwe. Wakarudi, wengi zaidi. Chifu alipotoka kufoka, mama mmoja akamwuliza kwa upole, "Chifu, tukupime?" Uwanja mzima ukacheka, hata askari. Akaingia ndani, akafunga dirisha. Baada ya kicheko kile hakumtisha mtu tena, wala waliomtuma hawakumtisha mtu.

Mimi nilisimama nyuma kabisa, shingo tupu, nikibishana na nafsi yangu.

Juzi Chifu alikuja dukani kwako, amefutwa kazi, akilalamika ati suruali zake zimekuwa ndefu. Nilimjibu kwamba suruali hazijabadilika.

Nisamehe, Baba. Pumzika. Uchaguzi ujao ni wa sanduku, nami nitasimama mlangoni mwa chumba cha kuhesabia kura, futi yako shingoni. Kura hazipimwi kwa futi, najua. Wajue tu kwamba tunayo.

Mwanao