Hati Iliyoitwa Hirizi

Temeke, Jumatatu jioni

Kinyaa bado hakijanitoka. Leo nilikwenda mahakamani kuomba kesi ya nyumba ya dada yangu Mwanaidi ifunguliwe upya, maana tumeipata hati ya marehemu mumewe inayosema nyumba ni ya mkewe.

Karani aliishika, akajifuta vidole. "Mzee wangu, mahakama haipokei hirizi."

Nikamweleza taratibu kwamba herufi ni za Kiarabu, lakini lugha ni Kiswahili hikihiki. Nikamsomea.

"Iandike kwa herufi za kizungu."

Nikainakili palepale. Akacheka. "Sasa huu mwandiko wako, mzee. Ushahidi uko wapi?"

Ijumaa shemeji zake Mwanaidi, walioshinda kesi ile, wanamtoa nyumbani. Mwanaidi ameniuliza kama hati imesomwa mahakamani. Nimemjibu imesomwa. Sikumwambia kwamba msomaji nilikuwa mimi.