Kigingi cha Nyuma ya Jiko

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kile kikohozi kimeshaniaga, na naomba barua hii ikukute na wewe ukiwa mzima, umekaa, miwani ikiwa puani na siyo juu ya kichwa huku ukiisaka nyumba nzima. Goti linaendeleaje? Na jirani wa mkono wa kulia, bado anakuletea suruali za wanawe uzipunguze kisha analalamika zinabana? Msalimie, lakini usimpunguzie tena.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na kumpa dereva wa ofisi akuletee, wakati simu ninayo. Nakujua, mama. Kwenye simu ungenikata kauli kabla sijafika katikati, nami ningenywea. Barua haikatwi kauli. Isome hadi mwisho ndipo ukasirike.

Kazini tulikuwa na mtihani. Unajua ofisi yetu inapima kilima, hicho hicho kilicho nyuma ya nyumba zenu. Wapimaji huja kuangalia kama vile vigingi vya chuma walivyovipigilia vimesogea, na namba zao zinaletwa kwangu. Sasa kamati ilikuwa inakutana kuamua kama kuna nyumba za kuhamishwa kabla ya mvua kubwa. Mkuu wangu akasema wazi kwamba wanakamati hawasomi namba, wakiziona wanapiga miayo, wanataka mchoro. Programu tuliyokuwa tukichorea ilikufa pamoja na kompyuta yake, kwa hiyo akaniambia niandike nyingine kwa lugha ya C, na kazi ya kuchora niiachie maktaba ya grafu.

Maktaba hiyo haina vitabu. Ni kazi zilizokwisha kuandikwa na wataalamu wengine, za kuchora mistari, vipimo na rangi, ili mtu kama mimi asianze moja. Unaandika programu yako, unaipitisha kwenye kompaila inayoigeuza kuwa lugha ya mashine, halafu unaiunganisha na maktaba. Kwako ningesema kwanza unakata kitambaa, kisha unashona vipande viwe nguo.

Kukata kulikwenda vizuri. Kushona ndiko kulikonitoa jasho. Kila nikiamuru kompyuta iunganishe, inajibu kwamba haijui kuchora mstari ni nini, haijui kuandika kichwa cha grafu, haijui hata kufungua ukurasa. Na maktaba ipo, naiona kwa macho yangu. Nikaifuta, nikaiweka upya. Wapi. Mkuu akapita, akachungulia, akasema labda kompyuta imenichoka kama yeye alivyochoshwa na visingizio vyangu. Alikuwa anatania, lakini nusu tu.

Ndipo nikakukumbuka kwenye cherehani. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakumwagia vifungo mezani kabla hujamaliza kushona, nikidhani nakusaidia, hadi ukanibandika jina. Ulikuwa ukivirudisha koponi na kuniambia hatutoi kifungo kabla ya kuilaza nguo na kuona imepungukiwa na nini. Nikaitazama amri yangu. Nilikuwa nimeitanguliza maktaba, programu yangu ikafuata, kwa adabu ile ile uliyonilea nayo, mkubwa kwanza, mtoto nyuma. Kumbe kompyuta inaisoma amri kwa kufuata mstari, bila kurudi nyuma. Ilipofika kwenye maktaba hakuna aliyekuwa ameomba kitu, ikapita bila kuchukua chochote. Programu ilipokuja kuomba, kopo lilishafungwa. Nikaiweka programu mbele, maktaba nyuma, ikaunganika bila neno. Nilicheka peke yangu hadi mkuu akaja kuuliza kulikoni.

Kicheko hakikudumu. Nilipoiendesha, mchoro ukajaa kwenye kioo, kila kigingi na mstari wake. Karibu yote ilikuwa imelala. Mmoja ulikuwa unapanda, na tangu manyunyu yaanze umepanda kwa kasi. Nikatafuta ni kigingi gani. Ni kile cha nyuma ya jiko lako, mama, kile ulichogombana na wapimaji kwa ajili yake, halafu walipoondoka ukakifungia kamba ya kuanikia nguo inayotoka ukutani mwa jiko.

Kwenye kamati, mhandisi mmoja mwenye maneno mengi akasema kigingi hicho kisihesabiwe. Wapimaji wameona kimefungwa kamba ya nguo, kwa hiyo ni kamba iliyokivuta, na mstari wake ufutwe. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyejua kamba ni ya nani. Ningenyamaza tu, nyumba yako ingetoka kwenye mjadala, nawe ungebaki na cherehani yako pale dirishani na wateja wako waliokuzoea. Sikufichi, nilitaka kunyamaza.

Lakini nikakumbuka ulivyonilalamikia kwenye simu kwamba kamba za siku hizi ni za ovyo, kila mara unaikuta imelegea, shuka zinaburuta chini, na inabidi uifupishe tena. Nikasimama, nikawaambia kamba hiyo ni ya mama yangu. Nikawaambia kamba inayovuta huwa imekaza, na hii kila ikifupishwa inalegea tena. Nguo hazikivuti kigingi. Ni kilima kinachokisukuma kije jikoni. Mhandisi akauangalia mchoro upya, kisha akasema mstari ubaki.

Kwa hiyo ni mimi, mama. Nyumba ya kwanza kuhamishwa ni yako, na mwanao ndiye aliyeisemea. Najua marehemu baba aliyapanga matofali yake kwa mikono yake mwenyewe, na nilipokuwa nasema nilimwona kama amesimama pale mlangoni. Najua pia utanuna. Nuna, lakini njoo ununie kwangu. Chumba cha mbele nimekiondolea vitu vyote, kinapata mwanga wa asubuhi, na cherehani itakaa dirishani kama ulivyozoea. Jumamosi nakuja na gari la mizigo.

Nisalimie majirani wote, hata huyo wa suruali, na uwaambie watu wa ofisi watakapowafikia wasiwapuuze. Na kesho ukiikuta kamba imelegea tena, usiikaze. Ifungue, uikunje, unisubiri.

Ni mimi mwanao,
Kifungo